Mount Gelai, kichwa cha mvuke namba 5918: historia yake, na kwa nini nasema kimoja kati ya viwili vilivyobaki kisiguswe

Mtaruma (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya muda inazuka picha ya lile dude la rangi ya damu ya mzee lililopo Makumbusho ya Reli pale Nairobi, na maoni huwa yaleyale. Mmoja anasema liwashwe. Mwingine anasema liuzwe chuma chakavu. Wa tatu analeta habari za mkoloni, uzi unageuka ugomvi na dude lenyewe linasahaulika. Leo nimeamua kuliandikia uzi wake. Ni mrefu, wenye haraka mpite tu.

Ni kichwa cha mvuke namba 5918, jina lake Mount Gelai, klasi ya 59 ya Reli za Afrika Mashariki, aina ya Garratt. Viliundwa 34 tu, na kampuni ya Beyer, Peacock kule Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956. Kila kimoja kilipewa jina la mlima wa huku kwetu: 5901 Mount Kenya, 5904 Mount Elgon, 5910 Mount Hanang, 5916 Mount Rungwe, 5923 Mount Longonot, 5928 Mount Kilimanjaro, na kuendelea. Vilivyosalia ni viwili. Gelai ni kimoja, cha pili ni 5930 Mount Shengena. Vingine vyote vilikatwa.

Kwa nini vilihitajika? Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, mizigo ya Mombasa iliizidi reli nguvu. Njia ilikuwa moja, upana mita moja, ileile iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Kutoka baharini hadi Nairobi ni karibu kilomita 530, na hapo umepanda zaidi ya mita 1,600. Penye mlima mkali, kila mita 100 unapanda mita moja na nusu. Kwa mtu wa miguu si kitu. Kwa treni ya mizigo huo ni mlima wa kumtoa dereva jasho.

Sasa kwenye njia moja huwezi kuongeza treni utakavyo, maana zinapishana stesheni tu. Ukizidisha, nyingi zitashinda zimesimama kusubiriana. Dawa ni kufanya kila treni iwe nzito zaidi. Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ya Tanganyika, na shirika hilo jipya ndilo lililoagiza kichwa cha kuvuta tani 1,200 kwenye mlima huo. Klasi ya 59 ndiyo jibu lililokuja, na hakuna vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo vilivyowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja, popote duniani.

Ubunifu wenyewe ni wa Mwingereza Herbert William Garratt, na vichwa vya kwanza vya aina hiyo vilipelekwa Tasmania mwaka 1909. Fikiria wapagazi wawili waliobeba machela. Kila mmoja ana miguu yake, kwenye kona kila mmoja anageuka kwa wakati wake, na mgonjwa amening'inia katikati. Boila, yaani pipa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, ndiyo mgonjwa. Mbele kuna injini kamili yenye silinda, magurudumu na tangi la maji, nyuma kuna nyingine yenye maji na mafuta. Kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, mhandisi anaweza kuifanya nene na fupi, na tanuri likawa pana na la kina. Boila ya Gelai ina kipenyo cha karibu mita 2.3, nayo imekaa juu ya reli zilizoachana mita moja! Kila nikisimama kando yake bado nashangaa haipinduki.

Urefu ni karibu mita 32. Uzito tani 252. Magurudumu 28, kati yake 16 ndiyo yanayozungushwa na pistoni. Mvuke wa pauni 225 kwa inchi ya mraba. Tanuri linachoma mafuta mazito, si makaa ya mawe, na ndiyo maana fayamani, yaani mtunza moto, wa klasi ya 59 alikuwa mtu wa vali na macho, si mtu wa sepetu.

Nikipata nafasi nitaendelea na habari ya utunzaji. Karibuni.

---

BintiVoi

Mkuu ahsante, nimesoma yote. Babu yangu alikuwa reli, alikuwa akituambia walikuwa "wanalala humohumo njiani". Sikuwahi kuelewa. Walilala ndani ya kichwa?

---

Mtaruma

Dada, babu yako hakukudanganya. Treni ya mizigo Mombasa hadi Nairobi ilikuwa safari ndefu mno kwa watu wa zamu moja, na haikuwa na maana kusimamisha mzigo ili watu wakalale. Kwa hiyo nyuma ya kichwa lilifungwa behewa la kuishi. Zamu mbili zinasafiri pamoja: hawa wanaendesha, wale wanapika na kulala, halafu wanabadilishana. Kichwa kinaendelea.

Jambo lililofuatia hapo ndilo ninalolipenda zaidi katika historia hii. Kichwa kilikuwa na watu wake. Dereva na fayamani walewale, kichwa kilekile. Ukiona picha za zamani za klasi ya 59 utaona shaba inang'aa, bamba la jina limesuguliwa, mapambo ambayo hayakutoka kiwandani Manchester. Hakuna mwongozo wa ofisi uliosema dereva aweke mapambo. Aliweka kwa kuwa kilikuwa chake.

---

KipimoHalisi

Nitakuwa mkweli. Haya ni mapenzi ya chuma cha mkoloni. Reli ilijengwa kubeba pamba ya Uganda na kahawa kwenda kwao, vichwa vikatengenezwa kwao, faida ikaenda kwao. Leo hospitali hazina dawa, nyie mnataka tani 252 za kutu zipakwe rangi. Yeyusheni tupate nondo.

---

Mtaruma

KipimoHalisi, sehemu ya kwanza sikupingi. Reli haikujengwa kwa ajili ya bibi yangu auze mayai mjini. Lakini angalia tarehe. Gelai kiliingia kazini katikati ya miaka ya 1950. Uhuru wa Tanganyika ni 1961, Uganda 1962, Kenya 1963. Klasi ya 59 iliondolewa kidogokidogo kati ya 1973 na 1980. Maana yake sehemu kubwa ya maisha yake kilivuta mizigo ya nchi huru tatu, chini ya shirika lililomilikiwa na hizo nchi tatu kwa pamoja, hadi Jumuiya ilipovunjika 1977. Nitajie vitu vingine vingapi vya wakati huo unavyoweza kuvigusa kwa mkono ambavyo vilikuwa mali ya Wakenya, Watanzania na Waganda kwa pamoja.

Tena waliokiosha, waliokichimba masizi na waliokiendesha usiku ni Waafrika na Wahindi wa hapahapa. Pita Makindu ukaangalie hekalu la Masingasinga. Lilijengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli. Historia ya reli ni ya watu hao kuliko ya magavana.

Na kuhusu nondo: ukishakata kichwa umepata nondo mara moja. Vya klasi hii vilivyokatwa vinapita 30. Ile hospitali bado haina dawa.

---

Mpare_Asili

😂 hapo kwenye nondo umemmaliza.

Mimi naleta madai ya kitaifa. Gelai ni mlima wetu, uko Longido, karibu na Ziwa Natron. Shengena nao uko Same, Upareni, nimeukwea. Vichwa viwili vilivyobaki vyote vina majina ya milima ya Tanzania na vyote vimekaa Nairobi. Jamani kimoja kirudi nyumbani!

---

Mtaruma

Mzee wa Upareni, karibu. Kwa jina ni chenu, kwa kazi ni cha huku. Klasi ya 59 ina tani 21 kwa kila ekseli inayovuta, yaani kila mhimili wa magurudumu yanayozungushwa. Uzito huo ulihitaji reli nzito, na reli nzito ilikuwa njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Ukikipeleka juu ya reli nyepesi utapinda reli na mataruma yatalia. Kwa hiyo kilipewa jina la Gelai, lakini mlima wenyewe hakijawahi hata kuukaribia.

Ila hoja yako ina uzito mmoja: bahati ndiyo iliyochagua majina yaliyobaki. Mount Kenya kilikuwa cha kwanza kwenye orodha na kimekatwa. Mount Kilimanjaro vilevile. Kama kungekuwa na mtu aliyekaa mezani mapema kuchagua kipi kiokolewe, nadhani wanasiasa wangegombania hiyo miwili.

---

MzeeWaKarakana

Nimekuwa nikisoma kimya. Nimefanya kazi karakana ya reli enzi za mvuke na baadaye dizeli. Vijana mnaongea vizuri kuhusu historia, lakini kutunza mnakutaja kwa jina tu. Niwaambie kinachoua kichwa kilichosimama.

Cha kwanza ni mvua inayoingia kwenye bomba la moshi. Mafuta mazito yana salfa. Masizi yanayobaki kwenye sanduku la moshi na kwenye mirija yakilowa yanatoa asidi. Asidi hiyo inakula chuma kwa ndani, nje rangi bado inang'aa na watalii wanapiga picha. Kichwa kinachostaafu lazima kisafishwe masizi yote, kikauke, halafu bomba lifunikwe. Kifuniko cha bati ni bei ya chini kuliko rangi, lakini hakionekani kwenye picha, ndiyo maana watu hukisahau.

Cha pili ni maji yaliyobaki ndani. Boila ina sehemu za chini, kuzunguka tanuri, ambako matope ya chokaa hukaa. Enzi za kazi tulikuwa tunaiosha kila mara kwa kupiga maji kupitia mashimo ya kuoshea. Ukiiacha na matope hayo yenye unyevu, chuma kinaliwa mahali usipopaona.

Cha tatu ni kuta zenyewe za tanuri. Zimeshikwa kwa mamia ya stei, vijiti vya chuma vinavyounganisha ukuta wa ndani na wa nje. Zikivunjika chache unabadilisha. Zikivunjika nyingi mahali pamoja, ukipandisha mvuke ukuta unaweza kuachia, na hapo haubaki mtu wa kuhadithia. Ndiyo maana boila hupimwa kwanza kwa maji baridi, kwa shinikizo linalozidi la kazi. Maji yakivuja yanakulowesha. Mvuke ukivuja unakuchuna ngozi.

Na kwa Garratt kuna maungio ya mabomba. Mvuke unatoka kwenye boila iliyotulia kwenda kwenye injini inayogeuka. Maungio hayo ya duara yakikaa miaka bila mafuta yanaganda. Egemeo la boila juu ya injini vilevile.

La mwisho, ile nguo ya boila, yaani kizuizi cha joto kilicho chini ya bati la nje. Boila nyingi za enzi hizo zilivikwa asbesto. Kijana yeyote anayetaka kwenda kubandua bati "aangalie ndani" aache. Ni kazi ya watu wenye vifaa.

---

BintiVoi

Mzee wetu shikamoo. Kwa maelezo haya naona ni afadhali kisiwashwe kabisa.

---

MzeeWaKarakana

Marahaba mwanangu. Sikusema hivyo. Subiri kwanza tumsikie mwenye uzi.

---

Mtaruma

Shikamoo Mzee. Somo hilo nimelihifadhi, na ndilo linanifikisha kwenye hoja niliyoiweka kwenye kichwa cha habari.

Makumbusho yale yalianzishwa mwaka 1971, mvuke ukiwa bado kazini, na Fred Jordan ndiye aliyekuwa mhifadhi wa kwanza. Huo ulikuwa uamuzi wa busara mno. Sehemu nyingi hukumbuka kutunza baada ya tanuri la kuyeyushia kumaliza kazi. Hapa walianza dizeli ikiwa imeshachukua kazi tangu miaka ya 1960 lakini vichwa bado vinapumua. Ndiyo maana leo tuna behewa ambamo Charles Ryall, afisa wa polisi, alivutwa na simba pale Kima mwaka 1900, tuna vichwa 2921 Masai of Kenya, 3020 Nyaturu, 3123 Bavuma, na tuna Garratt za klasi tofauti.

Gelai chenyewe baada ya kustaafu kiliwahi kufufuliwa kikatembea kwa mvuke wake. Kwa hiyo anayesema "haiwezekani" ajue imewezekana. Swali langu ni kwa gharama gani, na hapa sisemi pesa.

Beyer, Peacock ilifungwa mwaka 1966. Hakuna duka la vipuri. Kila kitu kinachohitajika kuwasha Garratt ya klasi ya 59 ama kitachongwa upya, ama kitatoka kwenye klasi ya 59 nyingine. Nyingine ni moja tu. Na sote tunajua kazi za haraka zinavyokwenda: geji inakosekana, mtu anakwenda kwa jirani, anafungua "kwa muda". Kesho ni vali. Keshokutwa ni maungio aliyoyasema Mzee. Mwisho una kichwa kimoja kinachotembea kwa mashaka na kingine ambacho ni ganda.

Ndiyo maana nasema kimoja kati ya hivi viwili kiwe mwiko. Kisifunguliwe hata nati bila kuandikwa. Kisipakwe rangi mpya juu ya ya zamani kabla tabaka za zamani hazijapigwa picha. Chale za fundi zilizopo, kiraka cha mwaka sijui gani, alama za patasi, vyote vibaki. Hicho ndicho kitabu chetu. Siku mtu akitaka kujua bomba fulani lilipita wapi, aende akapime pale. Cha pili ndicho kijaribiwe. Kipi kiwe kipi, boila ndiyo iamue, si jina. Yenye tanuri zima zaidi ndiyo iende kazini.

Mfano wa kwa nini hili ni muhimu: bomba la moshi la klasi hii si lile la mwanzo. Baadaye vilifungwa kifaa cha Giesl, ubunifu wa Mwaustria Adolph Giesl-Gieslingen, kinachovuta moshi kwa ufanisi zaidi na kuokoa mafuta. Ukikiona kichwa kwa pembeni bomba ni refu, kwa mbele ni jembamba. Mrembeshaji asiyejua angeweza "kurudisha asili" akaweka bomba la mviringo, na kwa kufanya hivyo akafuta ushahidi wa jinsi mafundi wa reli walivyokiboresha kikiwa kazini.

---

MzeeWaKarakana

Umeongea vizuri, lakini sikubaliani nawe sehemu moja, na ni sehemu kubwa.

Unahifadhi chuma. Nani anahifadhi mikono? Kusikia stei iliyovunjika ni kazi ya sikio. Unagonga kwa nyundo ndogo, nzima inajibu hivi, iliyovunjika inajibu vingine. Huwezi kuandika sauti hiyo kwenye daftari. Dereva wa Garratt alijua kwamba maji yakipungua tangi la mbele, injini ya mbele inakuwa nyepesi, na pale pale mlimani magurudumu yanaanza kuteleza. Alijua kwa makalio, kabla ya geji. Wenzangu wanaojua hayo wanazikwa. Kikiwekwa mwiko kimoja na cha pili kikasubiri fedha kwa miaka, watakaokuja kukiwasha watasoma kwenye karatasi tu. Mimi nikiulizwa, vyote viwili vifunguliwe sasa, vijana wajifunze tukiwa hai.

---

Mpare_Asili

Hapa nipo na Mzee. Kitabu kisichosomwa faida yake nini?

---

Mtaruma

Mzee, hilo la mikono ni pigo na sitalikwepa. Ila hatuhitaji klasi ya 59 kufundisha sikio. Stei ni stei. Pale makumbusho kuna vichwa vidogo ambavyo boila yake ni ya aina ileile ya kazi, na ukiharibu kipande unachonga kingine kwa gharama inayovumilika. Mwanafunzi wa udaktari haanzi na mgonjwa wa mwisho duniani mwenye damu ya aina hiyo.

Na hata tukitaka Garratt inayotembea, kuna 6006 Sir Harold MacMichael, klasi ya 60. Jina ni la gavana wa Tanganyika, KipimoHalisi usirushe jiwe. Klasi ya 60 ilitengenezwa kwa reli nyepesi, karibu tani 11 kwa ekseli. Matawi mengi ya reli yetu yalitandikwa reli nyepesi, na hata yakikarabatiwa hayatabeba tani 21 za Gelai kwa raha. Ukitaka treni ya mvuke ya watalii ya kwenda mbali na njia kuu, hesabu inakupeleka kwenye klasi ya 60 kwanza. Gelai kitapata sifa, lakini kitakuwa na njia moja tu ya kutembea.

---

KipimoHalisi

Mmebadilisha mada kutoka "liwashwe" hadi "liwashwe lipi". Sawa. Swali: kama vilikuwa na nguvu hivyo, kwa nini vikaachwa?

---

MzeeWaKarakana

Kwa sababu dizeli unaiwasha kama gari. Kichwa cha mvuke unaanza kukiandaa saa nyingi kabla ya safari. Kinataka maji kila baada ya mwendo fulani, na pande za Tsavo maji ni shida. Kinataka kuoshwa boila, na siku hiyo hakileti senti. Nguvu haikuwa tatizo hata siku moja.

---

Mtaruma

Naongezea: wahandisi walishachora kikubwa zaidi, klasi ya 61, cha tani 372. Kilibaki karatasini kwa sababu dizeli ilishaamuliwa. Kwa hiyo klasi ya 59 si kwamba ilishindwa. Ilifika mwisho wa njia ikiwa bado ina pumzi.

---

BintiVoi

Sisi ambao si mafundi wala hatuna pesa tunachangiaje? Nitakuwa Nairobi mwisho wa mwezi.

---

Mtaruma

Dada, lipa kiingilio, ingia. Usipige picha ya kujipiga mbele ya taa tu. Piga bamba la jina, geji moja moja, mpangilio wa mabomba ndani ya chumba cha dereva, namba zilizogongwa kwenye vyuma, upande wa chini unaoweza kuufikia bila kupanda. Andika tarehe. Picha hizo zikirundikana za miaka tofauti ndipo mtu anaona kipande gani kilikuwepo na sasa hakipo.

Na babu yako kama yupo, mrekodi. Muulize vitu vidogo: behewa la kulala lilikuwa na jiko la aina gani, walibadilishana zamu stesheni ipi, nani alimfundisha kazi. Usimuulize "enzi zile zilikuwaje", atakujibu "zilikuwa nzuri" na mazungumzo yataishia hapo.

---

BintiVoi

Babu yupo, ana miaka mingi ila akili timamu. Nimempigia simu sasa hivi. Anasema kabla ya yote niwaulize kama ile filimbi bado ipo kichwani au imeondolewa.

---

MzeeWaKarakana

Mwambie aje aangalie mwenyewe. Nami nitakuja siku hiyo, tukutane getini saa nne asubuhi. Mtaruma, na wewe njoo na hiyo hoja yako ya mwiko, tutaimalizia palepale chini ya boila.